Kabla ya Kufomati Mashine ya Mwalimu wa Kwaya

Vijana wangu wa Mulongwe, na nyinyi wa Kalundu mnaojisifu kwamba sekretarieti zenu ni za kisasa kuliko zetu, nipeni nafasi niseme kidogo kabla macho hayajaninyima kabisa kuandika. Mimi nimestaafu. Maana yake ni kwamba sasa watu wananiletea mashine zao nyumbani badala ya kazini, tena saa ya kula.

Nilifanya kazi kwenye sekretarieti moja karibu na soko, pale mtu anapochapishiwa barua ya kuomba kazi, anapotoa fotokopi ya diploma, na siku hizi anapoleta kompyuta iliyogoma. Niliingia nikiwa daktilo, mpigaji wa mashine za kuandikia za chuma. Nikatoka nikiwa mtu wa sistemu, yaani yule anayeitwa mashine ikiwa inawaka lakini haitaki kutii. Hakuna shule iliyonifundisha hayo, na wala sijivunii jambo hilo. Ingekuwepo ningekwenda, nisingechoka namna hii.

Ninachotaka hasa kuwaeleza ni habari ya Mama Spès wa Bwegera, aliyekuja kutafuta nyimbo za marehemu mume wake. Tulibakiza kidogo sana tuzifute kwa mikono yetu, tena kwa kuombwa na yeye mwenyewe. Lakini siwezi kufika kwake bila kupitia kwa Papa Abdala.

Papa Abdala ndiye aliyekuwa mwenye duka. Alikuwa mtu wa zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walikuja Uvira kwa biashara ya ziwani wakabaki. Kabla ya kompyuta alikuwa fundi wa cherehani na wa mashine za kuandikia. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, sisi madaktilo tulisimama mbali tukaitazama kwa adabu, kama mgeni aliyekuja kuposa. Yeye alivuta kiti akakaa mbele yake.

“Munaiogopa ya nini?” akatuuliza. “Iko mashine tu. Iko na kazi yake na iko na mwenyewe. Tutaizoea.”

Alikuwa na sahani ya bati yenye maua yaliyofifia, ya kuwekea skrubu ili zisipotee. Kabla ya kuishika bisibisi alimtazama mteja na kumuuliza swali moja: “Unatafuta nini?” Si “mashine ina nini”, bali wewe unatafuta nini. Siku moja mshona nguo alikuja na cherehani akaagiza abadilishiwe mkanda. Papa Abdala akamuuliza swali lake. Yule mama akasema anatafuta sketi za sare za shule zitoke zimenyooka, maana zinatoka zimejikunja. Mkanda ulikuwa mzima. Uzi ndio uliopitishwa vibaya. Wateja wetu wako hivyo hadi leo: hawasemi wanaumwa wapi, wanataja dawa.

Sasa nirudi kwenye ujinga wangu mwenyewe, maana najua mnaungoja.

Mashine ya chuma ukimaliza kazi unaifunika kitambaa, unakwenda zako. Mimi kompyuta niliifanyia vivyo hivyo. Jioni niling’oa waya ukutani, nikaifunika kitambaa kizuri cha kufuma, nikaenda nyumbani. Asubuhi nilipoiwasha ikanitolea kioo cheusi chenye maandishi meupe, yanapanda mstari kwa mstari. Niliona wazi kwamba inaandika ripoti juu yangu. Nikamwita Papa Abdala.

“Iko najihesabu,” akasema. “Ulimuzima angali na vitu mu mikono. Muache ajihesabu.”

Ndivyo ilivyo. Ndani ya kompyuta kuna msimamizi anayepanga kila kitu, na huyo ndiye ninayemwita sistemu. Hata unapodhani amekaa bure, anaandika hapa, anafunga pale, anarudisha kitu mahali pake. Ukimkatia umeme ghafla, ni kama kumvuta mpishi nje ya jiko na kumfungia mlango, sufuria ikiwa motoni. Pengine utakuta wali mzuri, pengine utakuta makaa. Kwa hiyo mashine huzimwa kwa kuombwa, na unasubiri mpaka ikubali. Mji wetu wenye umeme wa kuja na kuondoka hauwaonei huruma watu wasio na subira.

Baadaye akaja fundi mmoja mwenye haraka akatuwekea sistemu ya Kiingereza. Kifaransa chote kikapotea kwenye skrini. Wenzangu walikaa kama waliofiwa. Mimi sikupata shida, na nitawaambia kwa nini: sikuwa nimejifunza maneno, nilikuwa nimejifunza mahali. Nilijua ukibonyeza kona ya chini upande wa kushoto unapata mlango wa kila kitu, na kwamba kuzima kuko chini kabisa. Nikafanya kazi hivyo kwa miezi bila kusoma chochote, na watu wakaanza kusema Mama Zaina anajua Kiingereza. Sikuwakatalia. Kisha ikaja sistemu nyingine ambayo kitufe kile kilihamia katikati, na Kiingereza changu kikaisha siku hiyohiyo.

Kutoka hapo nikaanza kuuliza kila kitu ni cha nini, si kiko wapi tu. Nikajua kwamba sistemu moja inaweza kuwa na watu wengi ndani yake, kila mmoja na akaunti yake, kama nyumba yenye vyumba. Nikajua pia kwamba yupo mwenye nyumba anayeruhusiwa kubomoa kuta, na wapo wapangaji. Kwetu kila mteja alikuwa akiingia kama mwenye nyumba. Wanafunzi walichomeka kle zao, vile vijiti vya kubebea faili, na virusi vikaingia na kutoka kama watu kwenye harusi. Nikawafungulia wateja akaunti ya mpangaji. Mkurugenzi mmoja wa shule alikasirika sana mashine ilipomwambia hana ruhusa.

“Minye muntu mukubwa hivi,” akasema, “na mashine iniulize ruhusa?”

Nikamwambia hata mimi inaniuliza. Hakufurahi, lakini virusi vilipungua.

Haya, Bwegera.

Lazima mjue kwanza kwamba sisi watu wa hapa tuna imani kubwa na kufomati. Ni kama sindano. Mtu anakwenda zahanati na homa, akipewa vidonge tu anaona hakutibiwa. Na kompyuta hivyohivyo: ikichelewa, ifomatiwe, ikilia, ifomatiwe. Kufomati ni kufuta kilichomo chote na kupanda sistemu mpya. Mashine inarudi nyepesi, mwenyewe anashukuru, na shukrani inadumu mpaka siku atakapozitafuta picha za ubatizo.

Siku hiyo ilikuwa mchana, umeme haupo, jenereta inanguruma nje ya mlango na mafuta yake yanaelekea kuisha. Papa Abdala alikuwa ameshafariki, mimi ndiye nilikuwa mkubwa wa duka. Nilikuwa na Ombeni, mwenzangu wa kazi, mwanamume mzima mwenye watoto, mwepesi wa mikono kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Benchi la wateja lilijaa.

Mama Spès aliingia na vumbi la barabara ya bonde, ametoka Bwegera kwa pikipiki, na kompyuta ya kubeba imefungwa kwenye kitenge mikononi. Nyuma yake alikuja mwanamume kijana kidogo, akabaki nje upande wa jenereta, penye kelele, ingawa kivuli kilikuwepo ndani.

“Munifomatie hii ordinateri,” akasema.

“Iko na shida gani, mama?” Ombeni akamuuliza.

“Inaomba kufomatiwa.”

Ombeni hakuhitaji maelezo zaidi. Akachomeka waya, kwa sababu betri ilikuwa imekufa zamani, akachomeka na kle yetu yenye sistemu mpya. Mimi nilikuwa kwenye fotokopi. Nilipogeuka kuchukua karatasi nilimwona yule mama. Alikuwa anakunja kile kitenge polepole, pindo kwa pindo, kama unavyokunja nguo za mtoto aliyelazwa hospitali. Mtu anayetaka mashine iwe nyepesi hakunji kitenge namna ile. Nikakumbuka sahani ya maua.

“Ombeni, ngoja,” nikasema. “Mama, weye unatafuta nini mu hii mashine?”

“Nyimbo.”

“Nyimbo gani?”

Basi akaeleza, na benchi zima likasikiliza kwa sababu hakuna siri mbele ya fotokopi. Mume wake, Melchior, alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa lao. Alitunga nyimbo kwa Kirundi na hakuandika hata moja. Alifundisha kwa mdomo, na mazoezi akayarekodi kwenye mashine hii. Alikufa kwa ugonjwa. Jumapili inayofuata ilikuwa siku ya kuondoa matanga, na kwaya ilitaka kuimba wimbo wake wa mwisho, ambao hakuwahi kumaliza kuwafundisha. Walipowasha mashine wakakuta hamna kitu. Skrini tupu kabisa, safi, kama imetoka dukani.

“Banasema ni Gaspard njo alizifuta,” akasema, akaelekeza kidevu nje. “Muloko ya bwana yangu, mudogo wake. Alichukuaka mashine achajie simu. Banasema alikuwa na wivu ya kaka yake. Minye sijui. Yeye analapa tu kwa Mungu, anasema ilijizimikia. Minye natafuta nyimbo.”

“Na nani alikuambia tufomati?”

“Bote. Banasema ikifomatiwa, inarudia vile ilikuwaka.”

Ni kweli inarudia vile ilivyokuwa. Vile ilivyokuwa siku ile Melchior hajaigusa bado.

Nikamtazama Ombeni. Skrini ilikuwa tayari inauliza kama ana uhakika, na kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Nikamwambia atoe kidole. Akachukia, maana mbele ya wateja hakuna anayependa kuzuiwa.

“Mama Zaina, yeye mwenyewe njo ameomba.”

“Ameomba dawa. Ugonjwa njo huu anausema sasa.”

Tukatoa kle, tukaiwasha mashine kwa kawaida. Kweli, uwanja wa mbele wa skrini ulikuwa mtupu, na picha ya bluu ya kiwandani. Kona ya chini kikatokea kijitangazo kidogo, na Ombeni akakifunga kabla sijavaa miwani. Hapa nawakemea nyote, si yeye peke yake. Mnafukuza matangazo ya sistemu kama mnavyofukuza nzi kwenye samaki. Sistemu ikisema neno, isomeni. Mara nyingi inasema upuuzi, nakubali, lakini siku inaposema jambo la maana hutumia kijikaratasi kilekile.

Nikaizima kwa kuiomba, nikaiwasha tena, nikamwambia Ombeni aweke mikono mfukoni. Tangazo likarudi. Lilisema kwa Kifaransa kwamba akaunti ya mwenye mashine imeshindikana kufunguka, na kwamba tumeingizwa kwenye akaunti ya muda.

Sikilizeni vizuri, hili litawafaa. Umeme ukikatika sistemu ikiwa katikati ya kukifunga chumba cha mtu, ufunguo wa chumba hicho unaweza kuharibika. Siku ya pili sistemu inashindwa kukifungua. Haikufukuzi, inakupeleka chumba cha wageni: kitanda kimetandikwa, ukuta mtupu, hakuna kitu chako hata kimoja. Na wewe, kwa kuwa hujui kama kuna chumba cha wageni, unapiga kelele za mwizi. Kumbe vitu vyako viko chumba cha pili, palepale ulipoviacha.

Hayo niliyajua kwa kusikia. Kwa macho yangu sikuwa nimeyaona bado, na sikumwambia Mama Spès chochote, kwa sababu niliogopa kumpa tumaini kisha nimnyang’anye. Nikafungua sifa za diski kuangalia imebeba kiasi gani. Diski ilikuwa imejaa karibu yote. Mashine iliyofutwa haijai namna ile. Nikajifanya naangalia kibodi.

Ndipo jenereta ikakohoa.

Nilimwona Ombeni anageuka. Kompyuta ile haikuwa na betri. Ikizimika tena kwa ghafla, tukiwa ndani ya chumba ambacho ufunguo wake umeshaharibika mara moja, sikujua ingeamka namna gani. Nikazima fotokopi. Nikazima printa na feni. Nikaanza kung’oa simu za wateja zilizokuwa zinachajiwa, na mzee mmoja akapiga ukelele kwamba yake iko bado haijafika nusu.

“Mzee, tuvumiliane,” Ombeni akamwambia. “Kuko muntu tunamutafuta humu.”

Akachukua kidumu akatoka mbio kwenda kutafuta mafuta. Sikumtuma. Hasira yake ilikuwa imekwisha bila mimi kuona, na nilimpenda sana dakika ile.

Nikaingia kwenye diski, kwenye folda ya watumiaji. Humo kulikuwa na chumba cha wageni, na pembeni yake folda yenye jina Melchior. Nikaibonyeza. Sistemu ikanijibu kwamba sina ruhusa ya kuingia. Wengi hapo ndipo wanaporudi nyumbani. Lakini chini ya jibu lile kuna kitufe cha kuendelea, na anayeingia kama mwenye nyumba anapewa njia akikibonyeza. Nikakibonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa juu ya dirisha, polepole, unasimama, unaendelea. Jenereta ikakohoa tena, ikashika. Mama Spès alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, na pumzi yake ilikuwa shingoni mwangu.

Folda ikafunguka. Ndani kulikuwa na nyingine iliyoandikwa Mazoezi.

Nikabonyeza faili ya mwisho, nikaongeza sauti. Kwanza kulisikika viti vinaburutwa. Mbuzi akalia mahali fulani nje. Watu wanacheka. Kisha sauti ya mwanamume, nene kidogo, ya mtu aliyezoea kunyamazisha wengine: “Dusubiremwo.” Turudie. Kirundi changu ni cha sokoni, lakini hicho nilikielewa, na kilichofuata pia. Mlango ukagonga kwenye ile rekodi, mtu akaingia, na mwanamume akasema, “Spès, watevye.” Spès, umechelewa.

“Nilikuwa napika,” Mama Spès akaijibu mashine.

Yule mzee wa simu alivua kofia. Wimbo ukaanza, ukakosewa, ukasimamishwa, ukaanza tena, na Melchior anawaonyesha kwa sauti yake peke yake mahali wanawake wanapotakiwa kupanda. Nilipogeuka nikamkuta Gaspard amesimama mlangoni, machozi yanateremka bila yeye kuyashughulikia. Hakusema, “Si niliwaambia ilijizimikia?” Mimi ningesema.

“Gaspard,” mama akamwita bila kugeuza kichwa. “Kuya usikie kaka yako.”

Akasogea pembeni, akampa nafasi mbele ya skrini.

Ombeni aliporudi na kidumu tulifanya yanayopaswa. Yashikeni, maana ndiyo kazi yenyewe. Msihamishie kitu chochote kwenye uwanja ule wa mbele, kwa sababu chumba cha wageni hufagiliwa mgeni akitoka, na vyote vilivyomo vinakwenda na takataka. Toeni nakala nje ya mashine kwanza, mzikague kama zinalia, kisha ndipo mfungue akaunti mpya na kurudisha vitu ndani yake. Akaunti mpya tuliipa jina Spès. Mashine haikufomatiwa. Na ule wimbo kwaya iliupata. Nilisikia baadaye kwamba Jumapili ile uliimbwa, na pale wanawake wanapopanda, walipanda.

Kabla Mama Spès hajaondoka, Ombeni alitaka kumfanyia jambo zuri, nadhani kwa sababu ya kile kidole chake. Akafungua programu ya kukata sauti, akamwonyesha kwenye skrini.

“Mama, hii ya mbele banaongea tu, na viti, na mbuzi. Nitaikata, kwaya ibakie na wimbo safi.”

Mama Spès alikuwa ameanza kuifunga kompyuta kwenye kitenge. Akasimamisha mikono.

“Ya mbele muiache,” akasema. “Pale njo ananiitaka jina.”